Hapana, Asante, Msijisumbue

Jumatatu, Februari 3

Kesho kikao cha shule kuhusu Signe. Binti yangu ana miaka tisa na akili kali kama wembe, ila kusoma kunamtoa jasho: b inageuka d, mstari unamponyoka. Shule inampa dakika ishirini kwa siku na mwalimu wa kusoma. Mimi nataka saa nzima. Sheria iko upande wetu. Nimezisoma kurasa zake sitini na kuzipaka rangi ya njano karibu zote.

Mke wangu Corinne ameuliza kwa nini nisiombe tu. Kuomba! Hii ni vita, na vita ni mbinu. Mbinu ya kwanza: kupeleka kikaoni bakuli la viazi na nyama, likiwa bado la moto. Aliyeshiba hagombani.

Jumanne, Februari 4

Balaa. Mkuu mpya wa elimu maalumu wilayani ni Bi Quesada, amehamia huku mwezi uliopita kutoka Arizona, jimbo la jua na jangwa. Nilipomkaribisha viazi alipokea mara moja. Mara ya kwanza kabisa! Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Akasema ameyaona majibu ya vipimo vya Signe, mtoto anahitaji saa moja kila siku, je, ninakubali? Nikaikunja hotuba niliyoiandaa. Nikajibu kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri: hapana, asante, msijisumbue.

Huku kwetu Minnesota hata kipande cha keki hukipokei ukipewa mara ya kwanza. Unakataa. Unasihiwa, unakataa tena. Ya tatu ndiyo unapokea, tena kwa kuguna kidogo. Bi Quesada hakunisihi. Aliandika kitu, akanishukuru, akafunga faili.

Ijumaa, Februari 7

Barua ya wilaya. "Mzazi amekataa nyongeza. Mtoto ataendelea na dakika ishirini." Tuna siku kumi na nne za kupinga. Corinne ameniuliza nilichokataa ni nini hasa. Nikamweleza. Akaiweka barua mezani, akatoka kwenda kuzoa theluji ambayo nilikwisha kuizoa asubuhi.

Jioni Signe alisoma ukurasa mmoja wa kitabu chake cha bundi. Alianza viazi vikitoa mvuke, akamaliza vimepoa. Kisha akaiona barua. Neno la kwanza lilimshinda, la pili akalipata: amekataa. Akaniuliza, "Baba, wanasema mimi nimekataa kujifunza?"

Nikamwambia si yeye, ni mimi. Moyo uliniuma sana.

Jumatatu, Februari 10

Mbinu mpya. Nimeomba kikao kingine, na safari hii naenda na wakili. Wakili ni shemeji Duane, fundi wa mashine za theluji, mwenye suti moja ya kuzikia watu. Kazi yake ni kunyamaza na kukunja uso. Nilipomwomba, alikataa. Nikamsihi, akakataa. Mara ya tatu akasema haya basi, kama hakuna mwingine. Ndivyo watu wenye adabu wanavyoelewana.

Alhamisi, Februari 13

Kikao. Corinne amekuja na Signe bila kunishauri. Duane alikunja uso vizuri mno hadi Bi Quesada akamuuliza yeye anamwakilisha nani.

"Mimi? Hapana, msinijali," akasema Duane. Huyo ndiye wakili wangu.

Nikaanza kusoma sheria. Nilipofika ukurasa wa pili Bi Quesada akanikatiza kwa upole, akasema saa moja bado ipo, tunaitaka au hatuitaki? Mdomo wangu, Mungu anisamehe, ukafunguka wenyewe. "Hapana, as..." Corinne akanikanyaga kwa buti la theluji.

"Mimi naitaka," akasema Signe.

Bi Quesada akamuuliza kama ana hakika. Akasema anayo. Karatasi ikaletwa, nikasaini haraka kabla adabu haijanirudia.

Jumatano, Februari 26

Leo Signe amesoma kurasa nne za bundi na viazi bado vya moto. Alipomaliza alinitazama kuona kama nimesikia. Nilisikia kila neno. Nikamweleza Corinne kwamba haya ni matunda ya mbinu zangu: kurasa sitini na shemeji mmoja. Alicheka muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Halafu Bi Quesada akapiga simu. Kuna masomo ya kusoma wakati wa kiangazi, nafasi imebaki moja, basi litamchukua Signe mlangoni. Amwandikishe?

Safari hii sikubabaika. Mama huyu ameshakaa nasi karibu miezi miwili ya baridi, bila shaka amejifunza desturi zetu. Nikamjibu hapana, asante, msijisumbue. Akanishukuru, akakata simu.

Nimekaa hapa karibu na simu. Zimebaki mara mbili.