Mbio za Kushika Mkia

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema kuliko zote tangu niajiriwe Bodi ya Utalii. Umekuja waraka wa wafadhili. Nchi tatu zitalinganishwa tena ipi inavutia watalii zaidi: sisi, wenzetu wa ng'ambo ya mto, na nchi ya visiwa. Watapima viza, barabara, hoteli, bei, usalama, hata watu wanavyotabasamu. Mkurugenzi alitusomea mwenyewe, kasimama. Akasema mwaka jana tulikuwa wa pili, mwaka huu ni wa kwanza au aibu.

Mimi nilisoma ukurasa wa nyuma, ambao hakuna mwingine aliyeufungua. Afisa msimamizi wa nchi itakayoshika mkia atapelekwa mafunzoni wiki sita kwenye nchi iliyoongoza. Tiketi ya ndege, posho, hoteli ya ufukweni. Tukiwa mkiani, visiwa vitaongoza kama mwaka jana. Ufukwe!

Miaka kumi na minne naandika vipeperushi vya kuwashawishi watu wapande ndege. Mwenyewe sijawahi kupanda hata moja. Inaniuma, basi tu huwa sisemi.

Nikanyoosha mkono, nisimamie zoezi mimi. Ofisi nzima iligeuka. Mara ya mwisho nilipojitolea kitu ilikuwa kuzima taa saa ya kutoka. Bwana Tai wa meza ya jirani, ambaye hufunga tai hata siku ya kufanya usafi, alinitazama kama muuza duka anayekagua noti.

Jumanne, 5 Machi

Kosa. Nimemwambia mke wangu. Kabla chai haijapoa alishamwambia mdogo wake, na mdogo wake ana mume. Huyo mwanyumba wangu amepanda ndege mara mbili, na tangu hapo hakuna msiba wala arusi ambapo hatujaelezwa mawingu yanavyoonekana kwa juu. Jioni akapiga simu kunipa maelekezo. Nisiogope ngazi zinazotembea. Nisiombe dirisha lifunguliwe. Nikamjibu kwamba hayo yote nayajua.

Siyajui. Lakini sasa sina budi kwenda. Nikibaki, mtu yule atanikalia kooni mpaka siku ya kufa kwangu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimejaza dodoso. Swali: mgeni husubiri viza siku ngapi? Mkurugenzi aliagiza niandike tatu. Nikapiga moyo konde, nikaandika ishirini na moja. Nilijiona msaliti wa taifa.

Bwana Tai akachungulia begani kwangu, akasema tarakimu kama hiyo haiandikwi bila kuhakikiwa, akapiga simu uhamiaji. Wakamjibu ni ishirini na nane, na karatasi wakamletea. Kumbe nimeipendelea nchi kwa wiki nzima! Nikashika kalamu haraka nisahihishe. Bwana Tai akanizuia kwa ukali. Alisema ishirini na moja inatosha, hakuna haja ya kujivua nguo mbele ya wageni. Alisimama pale mpaka nikafunga bahasha.

Ijumaa, 8 Machi

Nimempigia afisa mwenzangu wa ng'ambo ya mto, kwa kisingizio cha kujuliana hali. Nilitaka kupeleleza. Kumbe naye alikuwa na hamu ya kupeleleza. Akaniuliza kama vyoo vya kiwanja chetu cha ndege vina maji. Nikasema siku mojamoja. Akacheka kwa dharau, akasema vyao havina hata milango. Nikamwambia barabara yetu ya kwenda maporomoko ya maji inameza magari. Akasema yao haipo kabisa, mafuriko yaliichukua, tena alisema kwa majigambo. Hapo nikagutuka. Huyu naye anautaka mkia!

Nikamwambia hana haya. Mtu mzima anaiponda nchi yake kwa ajili ya safari! Akanikatia simu. Sijapenda tabia yake hata kidogo.

Jumanne, 12 Machi

Mtathmini wa wafadhili anatua leo jioni. Nimesikia ni mama wa makamo, husafiri peke yake. Mipango yote tayari. Gari la kumpokea sijalipeleka. Chumba nimemwekea katika nyumba ya wageni mbaya kuliko zote mjini, ya mama mmoja mkali ambaye wateja humwita Jemadari. Feni haizunguki. Kitanda kinalia. Naenda kulala mapema, roho kwatu.

Jumatano, 13 Machi

Balaa. Mfagiaji wa kiwanja cha ndege alimwona mama wa watu kasimama peke yake, akamwita kaka yake mwenye teksi. Kaka alikuwa anarudi nyumbani, akamtoza nauli ileile anayowatoza majirani zake. Kufika kwa Jemadari, mgeni akakohoa. Jemadari akamfokea kwanza: kifua namna hiyo, halafu anazunguka dunia bila mwenzake, ndugu zake wako wapi? Kisha akamhamishia chumbani kwake mwenyewe, akamchemshia tangawizi, akakaa naye mpaka usingizi ukamchukua.

Yote haya mtathmini amenisimulia huku akifuta machozi na kuandika, kuandika, kuandika. Nikamuuliza habari za feni. Akaniuliza feni gani.

Mimi niliwahi kulala pale nikiwa na homa. Sikuchemshiwa hata maji.

Alhamisi, 14 Machi

Silaha ya mwisho: barabara ya maporomoko. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Lami ilipoisha tu, gari likazama hadi kwenye milango. Nikavaa uso wa huzuni. Hapo hapo watu wakaanza kutoka majumbani na majembe, mbao na kamba, wakaguna na kusukuma, wakataniana, gari likatoka. Hela wakakataa. Mama mmoja akamvua mtathmini raba zake akazisuuza. Aliyeanguka kwenye matope ni mimi peke yangu, kifudifudi. Mtathmini alicheka mpaka akashika mbavu. Kikohozi chenyewe kimepona.

Wakati wa kurudi akanieleza ya ng'ambo ya mto. Siku tatu hakusemeshwa na mtu. Afisa wao alimwambia kila kitu kimefungwa kwa ukarabati, akamwacha hotelini na funguo za gari akaondoka nazo. Moyo ulinishuka. Ile ilikuwa kazi ya fundi.

Kisha akanishika mkono, akanishukuru. Akasema wengine humletea maua na hotuba, mimi nimemwachia watu wenyewe, na huo ndio ubunifu. Nilisikia fahari. Kweli kabisa, kifua kilijaa, nikawapenda wale watu wote waliosukuma. Halafu simu ikalia. Mwanyumba, anauliza kama nimeshapata begi.

Jumatatu, 25 Machi

Matokeo. Sisi wa kwanza.

Mkurugenzi alilia, akanikumbatia mbele za watu. Bwana Tai alipiga makofi kwa vidole viwili. Nchi ya visiwa ya pili. Ng'ambo ya mto wameshika mkia, kwa hiyo afisa wao analetwa mafunzoni hapa kwetu, na Mkurugenzi amekwisha kumpangia kwa Jemadari. Afisa huyo amenipigia simu analalamika: yaani amehangaika kiasi kile ili aje kuangalia mashimo yetu? Ni mara ya kwanza tumeelewana.

Mwanyumba naye akapiga. Alicheka mpaka akampa mkewe simu amalizie kunicheka.

Jumanne, 26 Machi

Mimi si mtu wa kukata tamaa. Matokeo yanaruhusu rufaa. Nimewaandikia wafadhili kwa siri kwamba viza yetu ni siku ishirini na nane, nikaambatisha ile karatasi ya uhamiaji. Wakitukata alama za kutosha tutaporomoka mpaka chini, na mimi nitapaa.

Ni jambo la kweli la kwanza nililoandika katika zoezi zima, kwa hiyo sikuthubutu kuweka jina langu. Nimeweka la Bwana Tai.

Jumatatu, 8 Aprili

Barua imejibiwa. Tumekatwa alama, ila si nyingi. Tumekuwa wa pili. Nchi ya visiwa ndiyo ya kwanza, ng'ambo ya mto bado mkiani, na yule bwana anakwenda ufukweni wiki sita. Amenitumia shukrani, na picha ya kaptula aliyonunua. Nafasi ya pili haina safari. Ina cheti.

Mkurugenzi alimwita Bwana Tai ofisini akiwa amevimba kwa hasira, tayari kumwachisha kazi. Kabla hajaanza, akafika kwenye aya ya mwisho ya barua. Wafadhili wamesema hawajapata kuona afisa anayejisahihisha mwenyewe, tena kwa hasara ya nchi yake. Wameguswa. Wanamwalika kwenye mkutano mkuu ng'ambo ya bahari azungumzie ukweli katika takwimu. Ndege mbili kwenda, mbili kurudi.

Mkurugenzi akampa mkono. Bwana Tai, ambaye hajui hata ameandika nini, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akasema alitimiza wajibu wake tu. Kisha akaniuliza mimi, mbele ya wote, kwa nini msimamizi wa zoezi hakuwa na ujasiri huo. Nilipiga makofi kwa mikono yote miwili, maana kila mtu alikuwa ananitazama.

Nyumbani, mwanyumba hakucheka leo. Alinipa pole, kwa sauti ya upole kabisa. Nimekosa hamu ya chakula.

Jumatano, 10 Aprili

Nimekaa nikajihoji kama mtu mzima. Nimejifunza. Uaminifu unalipa. Kosa langu lilikuwa moja tu, jina.

Asubuhi nimewaandikia wafadhili barua nyingine. Safari hii nimeweka jina langu kamili, cheo, namba ya simu, na saini juu na chini. Nimeungama bila kuogopa lawama, kwa uchungu wa mtu anayeipenda nchi yake, visa kumi na viwili vya udanganyifu tulivyowafanyia katika dodoso lile. Vitatu ni vya kweli.