Kashe ya Akarab

Jumatatu, tarehe 6 Machi 2000. Baraka.

Daftari jipya, akili mpya. Nimepata wazo la kuokoa mji mzima wa Baraka. Mwezi uliopita katibu wa ofisi alikimbilia Kigoma kwa mtumbwi, na kashe ya Baraka ikaondoka mfukoni mwa koti lake. Muhuri pekee tuliokuwa nao! Kila mtu anajua, hata wanajeshi wa bariere, kile kizuizi cha kamba darajani, wanajua. Tangu siku hiyo hakuna karatasi ya njia, na bila karatasi yenye kashe hakuna anayevuka kwenda Fizi.

Anayeumia zaidi ni dada yangu Godelieve. Binti yake Merveille, wa miaka minne, yuko Fizi kwa mama yetu tangu vita vilipowatenganisha. Sasa mama ametuma neno: miguu imemwisha, watu wakikimbia tena hataweza kumbeba mtoto. Godelieve hali chakula. Anakaa mlangoni akikunja na kukunjua gauni dogo. Mimi gauni lile siwezi kulitazama.

Kwa hiyo nitachonga kashe. Mimi Eugène, mchora mabango, niliyeandika kwa mkono huu neno PHARMACIE juu ya duka la dawa, ambalo linasomeka mpaka leo licha ya matundu ya risasi. Mzee Alphonse, karani pekee aliyebaki ofisini, amekubali. Fabien, mwenye mashine ya kuandikia, amecheka. Wivu tu.

Jumatano, tarehe 8 Machi.

Mpira mzuri haupatikani mjini. Kandambili za mke wangu Clarisse, za bluu, ni nene na laini. Jana alfajiri nilichukua ya kushoto. Moja tu! Mwizi angechukua zote mbili. Clarisse alitafuta mpaka chini ya mtungi, kisha akamshuku mbwa wa Fabien. Sikumpinga.

Kazi ya kashe inataka mtu mwenye akili. Herufi huchongwa kinyume ili karatasini zitoke sawa. Wajinga husahau hilo. Mimi sikusahau. Niliandika BARAKA kinyume kwenye karatasi, nikailaza karatasi kifudifudi juu ya mpira, nikaisugua kwa kijiko mpaka wino ukahamia, kisha nikaufuata kwa wembe. Siku nzima, ulimi nje. Wino wa kupigia nilitengeneza mwenyewe: mawe ya redio, betri zilizokufa, nikayasaga, nikachanganya na mafuta ya mawese.

Leo saa tatu nimeipeleka ofisini. Miwani ya Mzee Alphonse ilivunjika wakati wa kukimbia, anaona ukungu. Amegonga karatasi kumi na moja za akina mama wa soko kabla sijatazama hata moja. Mama wa mwisho alipotoka ndipo nikaona alama iliyogongwa mezani kwa bahati mbaya.

AKARAB!

Maandishi yaliyokuwa kinyume, kijiko changu kiliyageuza tena. Niligeuza mara mbili! Na wale akina mama wako njiani kwenda darajani. Nimekuja nyumbani, nimefunga shati moja na daftari hili kwenye mfuko. Nasubiri kukamatwa.

Alhamisi, tarehe 9 Machi.

Sijakamatwa. Wote wamevuka!

Georgette, muuza chumvi, mmoja wao, alirudi adhuhuri akasimulia. Mwanajeshi aliigeuza karatasi huku na huku, akamwita kamanda wake, mtu aliyeletwa kutoka mbali. Kamanda akauliza Akarab ni bakubwa ba wapi. Georgette, uso mkavu, akamjibu, "Ni bale ba juu kabisa." Kamanda akavaa kofia yake vizuri na kuamuru kamba iteremshwe.

Ningefurahi. Lakini Fabien alikuwepo, na karatasi moja mkononi. Akaisoma kwa sauti mbele ya watu, herufi moja moja. Akasema fundi mkubwa, Maître Eugène, ameanza kwenda kinyumenyume kama kaa wa ziwani. Watu walicheka mpaka chumvi ya Georgette ikamwagika.

Nimewaza sana. Baraka ni neno ambalo mama alitutamkia kila alipotuwekea mkono kichwani. Nami nimeligeuzia kisogo na kuligonga kwenye karatasi za watu. Linawapitisha, ndiyo. Lakini ni aibu. Mtu aliyeandika PHARMACIE hawezi kukumbukwa kwa AKARAB.

Ijumaa, tarehe 10 Machi.

Nimechonga upya kwenye kipande kilichobaki cha kandambili. Safari hii nimegeuza mara moja. BARAKA! Herufi zimesimama wima, B ina matumbo mawili sawasawa. Ile ya aibu nimeitupa nyuma ya ua. Mzee Alphonse hakuona tofauti, masikini.

Karatasi ya kwanza ya kashe mpya nimemheshimu nayo dada yangu. Godelieve akauliza kwa nini asipewe kama ya Georgette. Nikamweleza habari ya herufi nzuri na heshima ya ukoo. "Mi sitafute karatasi ya muzuri, yaya," akaniambia mimi kaka yake. "Minatafuta mutoto."

Nikamwambia atanishukuru siku moja. Kesho alfajiri anaondoka. Gauni dogo ameshalifunga kitambaani.

Jumamosi, tarehe 11 Machi.

Wamemrudisha.

Kamanda alisoma BARAKA, akasema kashe ya Baraka iko Kigoma, hata vichaa wanajua. Basi hii ni ya kughushi. Akaichana karatasi. Wakamweka juani kuanzia saa mbili mpaka saa tisa, wakimuuliza nani anampa karatasi za uongo. Hakunitaja. Akaambiwa akileta nyingine ya Baraka, harudi nyumbani.

Mbaya zaidi: kule darajani wanasema watu wa Fizi wameanza kufunga mizigo. Mama hawezi kukimbia. Merveille ana miaka minne.

Godelieve hakunigombeza. Angenigombeza ningejitetea, nina maneno mengi. Amepita tu, akaketi mlangoni, akafungua kitambaa na kuanza kulikunja tena lile gauni. Nimeona haya mpaka masikioni.

Nimetafuta AKARAB nyuma ya ua mpaka giza likaingia. Nimepekua majani ya mihogo, jalala, hata banda la kuku la Fabien. Fabien aliponiuliza, nikasema natafuta yai. Haipo.

Jumapili, tarehe 12 Machi.

Mvua imenyesha alfajiri. Nimetoka nje, kichwa chini, na kichwa chini ndicho kilichoniokoa. Kwenye tope la ua: AKARAB. Hatua moja mbele, unyayo mtupu. Kisha AKARAB. Unyayo mtupu. AKARAB. Mpaka jikoni!

Clarisse alikuwa anachochea moto, mguu wa kushoto peku, wa kulia na kandambili. Kumbe aliokota kipande kile juzi, akaijua bluu yake, akakishona kwa uzi wa nyavu chini ya kisigino kilichotoboka. Alijua kila kitu. Hata mbwa alikuwa ameshaombwa radhi.

Nikamwomba avue. Akasema sapato yake ya kwanza, ile kandambili ya kushoto, ilikwenda kwa mwenye akili na haikurudi. "Hii haitoke ku mugulu wangu. Lete karatasi hapa chini."

Basi Mzee Alphonse akaitwa, akatia sahihi juu ya gogo. Mimi nikapaka wino kisigino cha mke wangu, nimepiga magoti. Clarisse akainua mguu, akakanyaga. AKARAB, safi kabisa. Godelieve akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu mwezi uliopita, akaichukua karatasi ikiwa bado mbichi na kuondoka mbio.

Alhamisi, tarehe 16 Machi.

Wamefika! Jana jioni, Godelieve mbele, Merveille mgongoni mwake akiwa amevaa lile gauni. Limekuwa fupi kwake kwa kiganja kizima. Mama amebaki kwa majirani. Amekataa kubebwa, ametuma mkono wake wa baraka kwetu sote. Nimelia, na sioni haya kuandika hivyo.

Leo Merveille anacheza uani. Anaweka kiguu chake juu ya kila AKARAB ya Clarisse, moja baada ya nyingine, anahesabu, anakosea, anaanza upya. Nimemtazama tangu asubuhi. Dunia hii ina milango ambayo jina letu halisi haliwezi kuifungua. Nimejifunza. Sitagusa tena kilicho sawa.

Clarisse amekwenda kuoga ziwani, kandambili ameiacha mlangoni. Nimeigeuza, kuiangalia tu. K imechakaa kidogo kwa kutembea, mguu wake mmoja umepinda. Inauma macho. Dorothée, jirani yetu, anakuja saa nne na karatasi yake, mume wake yuko Fizi na mapafu mabovu. Hastahili K ya namna hii.

Dakika kumi zinatosha. Wembe ninao.