Karata ya Kumi na Nne

Jumatatu, Julai 15, 1996

Alhamdulillahi! Hatimaye Garissa imenitambua. Noordin, mwenye ukumbi wa video, amenichagua mimi, Nunow, karani wa vibali vya mifugo, niwe mgawaji wa karata na mwamuzi wa fainali ya turubu Alhamisi hii. Wachezaji wanne, wawili kwa wawili, karata kumi na tatu kila mtu. Zawadi ni mtamba mmoja, ametolewa na wafanyabiashara wa ng'ombe. Sheikh Isak aliridhia kwa sharti kwamba mchezaji asitoe hata senti, isije ikawa kamari.

Na bado sijasema kubwa. Diriye amerudi kutoka Jeddah na kamera ya video. Ataiunganisha kwa waya na televisheni mbili, moja ukumbini, nyingine uani kwa watakaokosa nafasi. Mimi, kwenye televisheni! Huyu Diriye namjua tangu akiiba ndimu za mwalimu. Leo anavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Haidhuru, kamera yake itakuwa inanitazama mimi.

Noordin amebandika kanuni ukutani. Ya kwanza: mgawaji akikosea aseme, karata zichanganywe upya, hakuna lawama. Nilimwambia aifute, inaleta mkosi. Akakataa.

Nilimhadithia mke wangu Maryan yote, naye anachuja maziwa ya ngamia ya kuuza kesho. Alisema neno moja tu. Nichunge mdomo. Najua anakolenga. Mwaka wa tisini na moja niliapa kwa talaka kwamba lori la Wajir litaingia kabla ya alasiri. Halikuingia. Mwaka wa tisini na tatu niliapa kwa talaka kwamba mvua itanyesha kabla ya Ijumaa. Ikanyesha Jumamosi! Mara zote mbili nilimrejea kabla eda haijaisha. Imebaki moja, nayo haina kurejea. Lakini jamani, huku nani haapi kwa talaka? Wenzangu wanaapa kutwa kucha na wake zao wamo ndani. Mimi nimeponzwa na hali ya hewa tu.

Jumatano, Julai 17

Mazoezi tangu asubuhi. Nagawa kwa mkono mmoja, kasi kama mashine ya benki. Ofisini watu watatu kutoka Balambala walingoja vibali mpaka wakakata tamaa. Watarudi.

Nimenunua mafuta ya nywele, chupa kubwa. Maryan akauliza ya nini. Nikamwambia nywele zisizong'aa hazionekani kwenye televisheni. Akasema na mikono je, nitaipaka pia? Mwanamke wa mzaha huyu. Alicheka hadi chai ikamwagika, na mimi nikacheka.

Alhamisi, Julai 18

Balaa. 

Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Sugow, dalali wa mbuzi, na mwenzake upande huu. Upande ule Awil kutoka Eldas, aliyefiwa na mkewe, mwenye ngamia wachache, mtu mkimya, na mwenzake. Televisheni walikuwa wameielekeza kwangu. Basi nikajiona! Kila nilipoinua mkono, yule mtu wa ndani naye akainua. Nywele zinang'aa. Nikajipapasa kichwa. Nikarudi kwenye karata na vidole vyenye mafuta.

Mzunguko wa mwisho, alama zimelingana. Nagawa. Karata mbili zikagandana. Nikazihisi kwa kidole gumba. Niliziona, naandika hivi hapa kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Saba ya shupaza na nyingine nyuma yake, zote zinamwendea Sugow. Ningesema nimekosea, tungechanganya upya, basi. Kanuni iko ukutani. Lakini uani watu wananiangalia, na Diriye anatabasamu chini ya miwani yake. Niseme nimekosea, mimi, mbele ya mji mzima? Nikatabasamu kwenye televisheni, nikaendelea kugawa.

Ilipofika karata ya mwisho Awil akafungua mikono, mitupu. Sugow bado ana karata mbili. Kelele! Awil hakupiga kelele. Aliniuliza kwa upole kama huenda nimekosea kugawa. Ule upole wake ndio ulionitia wazimu. Nikasimama juu ya kiti. Nikasema Wallahi, mke wangu aachike talaka ya tatu kama nimekosea!

  Noordin akaziba uso. Halafu Diriye, kutoka nyuma ya kamera, akasema kwa sauti ya chini kwamba kanda ipo, inaweza kutazamwa.

Nilipofika nyumbani Maryan alikuwa ameshasikia. Yeye na wanawake wenzake walikuwa uani kwa Noordin, wananitazama. Hakulia. Aliuliza swali moja, je, nilikosea? Nikasema hapana.  Akasema hatakaa na mimi katika haramu kwa ajili ya karata, atakuwa kwa kaka yake Abdiwahab mpaka Sheikh aseme. Akachukua birika lake na mswala. Sanduku lake la nguo za arusi ameliacha. Ishara nzuri. Mwanamke anayeondoka kweli haachi sanduku.

Ijumaa, Julai 19

Sheikh Isak ametangaza atasikiliza jambo letu Jumanne. Kwa hiyo kilichobaki kuniangamiza ni kanda. Pasipo kanda kuna mdomo wangu na mdomo wa Awil, na mdomo wa Awil hautoi maneno.

Ukumbi wa Noordin huwa mtupu saa moja tu kwa wiki, wakati wa sala ya Ijumaa. Astaghfirullahi. Nimeingia kwa mlango wa nyuma wakati khutba inasikika kwenye kipaza sauti, na khutba yenyewe ilihusu kutunza amana. Kanda ilikuwa bado ndani ya mashine. Nikaitia kwapani.

Niifiche wapi? Ofisini mlinzi ana mikono mirefu. Kwenye unga kuna panya. Hatimaye nikapata wazo la kiakili kabisa. Sanduku la Maryan! Halifunguliwi ila siku ya sikukuu. Nimeifunga ndani ya shali yake ya arusi, chini kabisa. Shali bado inanukia udi wa siku ile. Nilikaa nayo kidogo mapajani. Halafu nikafunga sanduku.

Baadaye Sheikh akakutana nami sokoni. Aliuliza kama naumwa, hakuniona safuni. Nikakohoa.

Jumamosi, Julai 20

Noordin anahangaika, kanda imepotea. Nimemshauri kama rafiki amkague Diriye. Nikasema watu wa kamera wana tabia ya kurekodi arusi juu ya kanda za wenzao. Wakagombana hadi wakashikana makoti. Nilitazama nikiwa na kikombe cha chai, na kusema kweli ilikuwa chai tamu kuliko zote za wiki hii. Miwani ya Diriye imevunjika kioo kimoja.

Chai ya nyumbani siwezi kupika. Iliki sijui Maryan anaiweka wapi.

Jumapili, Julai 21

Ya Rabbi.

Abdiwahab amekuja na mkokoteni wa punda. Maryan nyuma yake. Amekuja kuchukua sanduku.

Nikamwambia Maryan aliache. Akauliza kwa nini. Nikasema ni zito. Akasema kaka yake ana nguvu. Nikasema punda amechoka. Abdiwahab akasema punda amepumzika tangu jana, shemeji, kwani una nini leo? Ningefanyaje? Nimeshika upande mmoja wa sanduku, nimelipakia mwenyewe kwenye mkokoteni, na Abdiwahab akanishukuru.

Pale lilipokuwa sakafuni pamebaki alama ya mraba. Nimejaribu kuweka kiti juu yake. Hakitoshi.

Si huenda asilifungue? Hakuna sikukuu karibuni. Inshallah.

Jumanne, Julai 23

Alilifungua.

Sheikh Isak hajawahi kukanyaga ukumbi wa video na alisema hataanza leo. Kwa hiyo televisheni na mashine vililetwa kwa mkokoteni hadi barazani kwake. Noordin, Diriye na kioo chake kimoja, Sugow, Awil, Abdiwahab. Maryan na mama wawili walikaa ndani karibu na mlango, pazia limeinuliwa kidogo. Kanda ilikuwa juu ya meza, ndani ya ile shali.

Sheikh alizungumza polepole. Alisema alikuwa na swali moja tu la kuniuliza, kama nilipoapa nilijua. Mtu akiapa akiamini anasema kweli, kumbe amekosea, wanazuoni wamemwachia nafasi. Angeniuliza, ningesema sikujua, angenirudishia Maryan, tukaenda nyumbani. Asingedai kanda. Kanda hakuwa na haja nayo. Lakini leo mwanamke amemletea kitu kilichoibwa wakati wa sala na kufichwa ndani ya nguo zake, na sasa anajiuliza, asiyejua huficha nini?

Nikasema niliificha ili isiharibiwe na vumbi.

Hakuna aliyecheka. Diriye akabonyeza. Nikajiona tena. Naam, nywele zilipendeza. Mkono unagawa, unagawa, halafu unasimama. Kidole gumba kinazitenganisha karata mbili. Macho yanashuka, yanaona. Yanapanda kwenye televisheni. Tabasamu. Karata zote mbili kwa Sugow. Sheikh, ambaye mwanzoni alikuwa akitazama katikati ya vidole, alikuwa ameshusha mkono.

Kutoka ndani Maryan akasema irudishwe nyuma. Ikarudishwa. Akasema tena, irudishwe. Abdiwahab akamwambia dada, inatosha. Akajibu kwamba anataka kuona vizuri lile tabasamu, ni miaka tisa anaishi na mtu na hakuwahi kulijua.   Nilisema Maryan, nilikuwa naogopa kuchekwa tu. Akajibu angecheka na mimi, kama alivyocheka siku ya mafuta.

Sheikh akasema imepita. Talaka ya tatu. Hakuna kurejea. Mtamba apewe Awil na mwenzake.

Nimerudi peke yangu. Nyumba inanukia mafuta ya nywele. Nimelia, nimemaliza, nimelia tena.

Jumamosi, Novemba 2

Eda ya Maryan imeisha, na Awil amepeleka wazee kwa Abdiwahab. Wamekubaliwa. Awil! Yule wa karata kumi na mbili! Alimlipa mwenzake nusu ya mtamba, sasa mnyama mzima anaingia kwenye mahari. Diriye atapiga video ya arusi, bure.

Lakini sijalala. Sheria iko wazi. Akiolewa na mwingine kwa ndoa ya kweli, na yule mwingine akamwacha, anaweza kurudi kwangu. Sheikh alionya kwamba mwenye kupanga jambo hilo amelaaniwa. Mimi sipangi chochote, namsaidia tu Awil azoee kuapa kwa talaka. Wiki tatu namfuata chai anakokunywa. Nilimwambia mwanangamia wake ni mgonjwa. Akasema huenda, atamtazama. Nilimwambia lori la Wajir halitafika leo. Akasema labda ni kweli. Jana nilimwita mwongo mbele ya watu, akanilipia chai. Mtu gani huyu asiyeapa? Nimemuuliza Noordin kama anamjua mwanamume mwingine mjini mwenye mdomo mwepesi, tumwozeshe yeye Maryan kabla ya Awil. Noordin akasema anamjua mmoja tu, na Maryan ni haramu kwake.

Habari njema ni kwamba Noordin anaandaa fainali nyingine Desemba. Nimeomba kazi yangu. Akasema hapana, nani ataamini nitagawa sawa, na sasa sina hata mke wa kuapia. Hapo nikamshika! Nikasimama juu ya kiti kilekile. Nikasema Wallahi, nikikosea karata moja, mke nitakayemuoa aachike, zote tatu kwa mpigo.

Noordin akashika kichwa. Kesho nanunua mafuta.