Mstari Mmoja, Kazi Tatu

Jumanne, 4 Juni. Mawingu asubuhi, manyunyu kidogo. Nguo hazijakauka.

Habari kubwa darasa la jioni! Mwalimu atabandika ukutani jibu moja tu la jiometri, lililo wazi kuliko yote. Mwenye jibu atalieleza Jumamosi mbele ya ndugu na jamaa. Lazima niwe mimi! Si wifi, dada wa mume wangu, anayekaa nyuma yangu na shingo yake ndefu. Kazi yenyewe: thibitisha kwamba pembetatu yenye pande mbili sawa ina pembe za kitako sawa. Kila hatua iwe na sababu. Mwalimu kasema tumsomee mtu nyumbani kwanza.

Jumatano, 5 Juni. Jua.

Nimemsomea mume wangu. Akasema sawa kabisa. Nilikuwa sijaanza. Hafai.

Nikiwa nasugua sufuria, wazo! Mama mkwe! Mtu ambaye hajawahi kukubali jambo lolote, hata hali ya hewa.

Nikamsomea. Nimechora mstari kutoka kileleni hadi kitakoni: unagawa pembe nusu kwa nusu, unagawa kitako nusu kwa nusu, tena umesimama wima. Mama akauliza nani kaupa kazi zote hizo. Nikasema inaonekana kwenye mchoro. Akasema hata mimi mkwewe siku ya posa nilionekana najua kupika.

Nikanuna. Kisha nikaruka! Mstari upewe kazi moja tu, kugawa pembe. Basi pande mbili ni sawa, pembe kati yao ni sawa, na mstari wenyewe ni wa pembetatu zote mbili ndogo. Zinalingana kwa kila kitu! Pembe za kitako sawa! Mama akatafuta pa kushika, akakosa, akaomba chai. Ushindi!

Alhamisi. Mvua.

Wifi kaja eti kumjulia hali Mama. Kwa ukarimu nikamnong'oneza kwamba siri ni kuupa mstari kazi tatu. Akanishukuru! Nimecheka hadi nikapaliwa.

Ijumaa. Upepo.

Darasani ile shingo ikaanza kurefuka. Nikawahi kuficha: kila penye sababu nikaandika "inajulikana", nije kuzijaze wifi akigeukia pengine. Hakugeuka. Mwalimu akakusanya karatasi.

Jumamosi. Jua kali, la bure.

Jibu la wifi liko ukutani. Mstari una kazi moja! Alimsomea Mama zile tatu, naye Mama akamuuliza alichoniuliza mimi. Kalieleza kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Langu limerudi na wino mwekundu: inajulikana na nani? Mwalimu akaniambia kwa upole kwamba jibu zuri halifichi kitu. Njiani Mama akalalamika kwamba nimempotezea ubishi wake wote.

Nimeelewa kabisa kosa langu. Nilificha sababu. Safari ijayo nitamficha Mama.

Saa nne na robo. Nalala.