Boksi la Dirishani kwa Fundi Suti

Profesa alisimama ghafla mbele ya dirisha la fundi cherehani, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Macho yake hayakuwa yamemdanganya. Katika mtaa ule kazi ya kudanganya ilikuwa yake peke yake.

Pale dirishani, juu ya kitambaa cha suti cha rangi ya kijivu, lilikaa boksi la gemu ya mkononi, toleo la zamani ambalo kiwanda kiliacha kulitengeneza miaka mingi iliyopita. Lilikuwa limefungwa kwa uzi mweupe, nadhifu, kama limetoka dukani jana. Mpita njia mwingine angeona mchezo wa watoto. Profesa aliona mke.

Mchumba wake alikuwa binti wa daktari wa meno, na daktari huyo alikwisha mkataa Profesa mara mbili, mara ya pili akiwa na koleo mkononi. Lakini daktari alikuwa na ugonjwa wake mwenyewe. Alikusanya gemu za mkononi, akazipanga katika kabati la kioo sebuleni, na nafasi moja tu ilikuwa wazi: ya toleo hili. Profesa, ambaye mdomo wake siku zote ulitangulia akili hatua tatu, alimwambia kwamba toleo lile analo nyumbani, tena boksi halijafunguliwa. "Lilete Jumamosi," alisema mzee. "Ukija nalo, habari za binti zitazungumzika. Ukija mikono mitupu, usikae."

Hiyo ilikuwa Jumatano.

Inafaa msomaji ajue kwamba Profesa hakuwahi kufundisha kitu popote. Cheo hicho alipewa na wale aliowauzia saa janja zake, ambazo alidai hupima mapigo ya moyo, presha, usingizi na, kwa wateja wenye mashaka, uaminifu wa mume. Alikuwa pia na msimamo mmoja ambao hakuwahi kuuvunja: hakununua kitu. Kununua, kwa maoni yake, ni njia ya watu walioishiwa maneno.

Kwa hiyo aliingia dukani kuagiza suti.

Fundi Suti alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye futi shingoni na pini mdomoni. Nyuma ya duka kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia mkewe, ambaye wateja walimwita Mama Vifungo, alikuwa akishona vifungo. Kutoka huko ulisikika mlio mdogo, ti-ti-ti, ukanyamaza, ukaanza tena. Profesa alidhani ni cherehani ya kisasa.

"Nyoosha mkono," alisema Fundi. Kisha akaona ile saa. "Hiyo saa janja? Unajua shida ya saa janja ni nini?"

"Niambie, Fundi," alisema Profesa.

Nyuma ya pazia mtu aliguna.

Haikumchukua Profesa dakika kumi kuelewa ni samaki wa aina gani aliyenasa. Fundi Suti alipenda mitambo kuliko wengine wanavyopenda mpira, na alikuwa na maoni juu ya kila kitu chenye betri. Alichokosa maishani ni msikilizaji. Mkewe alikwisha piga marufuku neno Linux, yaani mfumo wa kompyuta alioupenda, mezani. Wateja walikimbia na suti ambazo hazijapigwa pasi. Profesa alifurahi mpaka ndani ya mifupa. Mtu mwenye kiu ya kusikilizwa hahitaji kudanganywa. Unamtikisia kichwa tu na kusema "kabisa".

"Desktopu ya Linux," alisema Fundi, akimzungushia kitambaa kiunoni, "ni kama suruali ya kushonesha. Unaamua mwenyewe mfuko ukae wapi. Sasa kuna watu, sitaki kuwataja, wamekificha kitufe cha kuzima ndani ya menyu tatu! Mtu anataka kulala, kompyuta inamtafutisha mlango!"

"Kabisa."

"Na gemu za mkononi za siku hizi ni nzito, zinaunguza viganja, betri inakwisha kabla hujamaliza kusoma maelekezo. Zile za zamani ndizo gemu. Kama hiyo ya dirishani. Hiyo, ngoja nikueleze historia yake..."

Fundi akaeleza. Alieleza robo saa nzima. Profesa, akiwa amechomekwa pini kuanzia bega mpaka kifundo cha mguu, hakuweza hata kujikuna. Basi akaanza kupanga atakaa kiti gani kwa baba mkwe. Maneno ya Fundi yakawa mvumo tu, na kila mvumo ulipokatika Profesa alisema "kabisa", akitikisa kichwa kwa unyenyekevu mkubwa. Alisema mara nne.

Siku ya pili, katika kujaribu suti, alitupa ndoano. Alivua saa yake na kuiweka kiganjani mwa Fundi. "Hii haijaingia sokoni. Wewe ndiye wa kwanza kuigusa. Nipe lile boksi, uichukue."

Macho ya Fundi yaling'aa. Aliigeuza, akaibonyeza, kisha akaifunga kwenye mkono wa sanamu la mbao ambalo huvalishwa makoti.

Saa ikafikiri kidogo, ikaandika: mapigo sabini na mawili.

"Sanamu lina afya njema," alisema Mama Vifungo, kichwa kikichungulia pazia.

Mtu mwingine angetafuta mlango. Profesa alicheka kwanza kuliko wote. "Umenipita, Fundi! Nilitaka kuona kama kweli wewe ni mtaalamu. Mimi huwajaribu watu hivyo." Ndani alikuwa akihesabu siku. Jumamosi ilikuwa kesho kutwa, na duka zima halikuwa na kitu kingine cha kumtia Fundi tamaa. Isipokuwa kimoja.

Kilikuwa ndani ya mkoba, begani kwa Profesa mwenyewe. Laptopu mpya, nyepesi, ya nguvu, ambayo ndani yake mlikuwa na biashara yake yote: majina ya wateja na udhaifu wa kila mmoja, mihuri aliyoichora mwenyewe, vyeti vya vyuo ambavyo havijawahi kujengwa. Alijiambia kwamba mkwe wa daktari hatahitaji tena vitu hivyo. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa tayari kutoa kitu cha kweli, na, tumpe haki yake, ni kwa sababu alimpenda yule binti.

"Chukua hii," alisema. "Nipe boksi."

Fundi alimtazama kwa wasiwasi. "Hii? Kwa lile boksi? Lakini ndugu yangu, nilikueleza hali yake. Nilikueleza yote jana, si ndiyo?"

"Kabisa."

"Muulize tena," alisema Mama Vifungo. "Nataka nisikie mwenyewe."

"Umeelewa kilichomo ndani?" aliuliza Fundi.

"Kabisa, shemeji. Kabisa."

"Basi tulifungue uone," alisema Fundi.

"Msifungue!" Profesa alipiga kelele. "Likifunguliwa linapoteza thamani."

Fundi na mkewe wakatazamana. Fundi aliinua mabega, akafungua laptopu, akachomeka kijiti chake cha USB chenye Linux. "Nafuta kila kitu, niiweke upya. Sawa?"

Lakini Profesa alikwisha likumbatia boksi. Lilikuwa zito, na uzito ule ulimtia furaha. "Kabisa," alisema.

Jumamosi alasiri suti, aliyoilipia kwa ahadi tu, ilimkaa vizuri mno. Tatizo halikuwa suti. Daktari wa meno alipokea boksi kwa mikono miwili, akalinusa, akalitikisa. Hakuwa mtu wa kupokea jino bila kuangalia mizizi. Alikata uzi kwa kisu kidogo, na mbele ya mkewe, binti yake na shangazi wawili akatoa vyuma viwili bapa vilivyofungwa kwa kitambaa cha bitana.

Alivipanga mezani taratibu.

"Kijana," alisema, "ama umetaka kunipiga changa la macho mimi, ama umepigwa na mtu mwingine. Nimejaribu kuamua lipi ni baya zaidi kwa mkwe. Nimeshindwa. Nenda nyumbani."

Binti alimtazama Profesa kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma kuliko maneno ya baba yake.

Hakwenda nyumbani. Alifika kwa Fundi akiwa bado na suti, amebeba vyuma kwapani. "Mmeniibia!"

Wateja watatu waligeuka. Fundi aliumia kweli. "Lakini nilikueleza! Ulikuwa umesimama papo hapo!"

Mama Vifungo akatoka nyuma ya pazia. Mkononi alikuwa na gemu, toleo lile lile, ikilia ti-ti-ti. Bila kuinua macho akasema, kwa sauti ya mtu aliyesikia hotuba hiyo mara mia:

"'Gemu yenyewe anayo mke wangu, huchezea akisubiri pasi ipate moto. Ndani ya boksi nimeweka vyuma vya kukandamizia vitambaa, feni isivipeperushe.' Ukasema kabisa. Mara nne. Nilihesabu."

"Basi nirudishieni laptopu yangu! Ina kazi zangu!"

"Uliniambia nifute," alisema Fundi. "Imekuwa nyepesi sana sasa. Tumeweka vipimo vya wateja. Na kitufe cha kuzima nimekiweka mbele kabisa. Hebu keti nikueleze..."

Profesa hakuketi. Alivibwaga vyuma sakafuni, akageuka. Alipofika mlangoni alisikia Mama Vifungo akimwambia mumewe, kwa upole, kama anayeongea habari za mvua: "Wa tatu huyu, mwaka huu."

"Wa tatu nini?" aliuliza Fundi, ambaye moyo wake haukuwa na hila hata ya kujaza kijiko.

"Wa tatu asiyekusikiliza, mume wangu."

Mama Vifungo aliviokota vile vyuma, akaviviringa katika bitana. Chini ya meza akachukua boksi jingine la zamani, akavitia, akalifunga uzi mweupe, na kuliweka dirishani. Akaligeuza kidogo ili jua lilipate.

Profesa alikuwa hajavuka barabara alipomwona bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa akisimama ghafla, akivua miwani, akiifuta. Alitaka kumwita. Aliinua hata mkono. Kisha akakumbuka shangazi wawili na vyuma mezani, akaushusha, akabaki palepale, apate angalau mwenzake.

Mlango ulikuwa wazi na sauti ya Fundi ilimfikia vizuri.

"Unajua shida ya saa janja ni nini?"

"Kabisa, Fundi," alisema yule bwana, macho dirishani.