Viatu vya Sanamu

Jumatatu, 3 Novemba
Sanamu ya bingwa wetu imesimamishwa kando ya maji. Msichana wa shaba, mguu mmoja chini, mwingine hewani, kama anataka kukanyaga mawimbi aende zake. Nimeduwaa pale mpaka chai ikanipita. Ee Mola, uzuri ulioje! Kisha nikatazama chini. Peku! Mkimbiaji wa mbio fupi wa dunia nzima, peku! Na mimi fundi viatu, miaka ishirini nautangazia mtaa kwamba viatu vyake vya kwanza vilipita mikononi mwangu. Fundi cherehani, jirani yangu wa kibarazani, akaniuliza kwa upole mbona kaptula aliyoshona yeye inaonekana hadi pindo. Nimemsamehe, au karibu.

Jumanne, 4
Nimeota mchana, sindano mkononi. Jumamosi, uzinduzi. Jua juu ya maji, sanamu imevaa viatu vyangu vyekundu, watu wanalia. Fundi cherehani analia kuliko wote. Hii si ndoto, ni maagizo! Nikasali, nikachukua uzi, nikaenda kupima nyayo.

Wa chini ulipimika. Wa hewani ukanishinda. Nikapanda, nikakumbatia goti. Shaba ilikuwa na joto la jua, tamu kama blanketi. Nikasinzia. Mlinzi akaniamsha, akauliza mzee mzima sina haya, na mama watoto anajua niko hapa? Kandambili yangu moja ilikuwa majini, inaondoka taratibu kama iliyoitwa.

Alhamisi, 6
Mke wangu kapekua kreti chini ya benchi anitafutie kandambili nyingine. Kaibuka na raba ndogo nyekundu, soli zimeshonwa nusu. Za nani hizi?

Nakuambia wewe tu, daftari langu. Za bingwa. Aliniletea akiwa mwanafunzi. Nikamwambia njoo kesho. Akaja siku tisa. Ya kumi, siku ya mashindano, hakuja.

Mke wangu akasema, baba, kumbe hivyo ndivyo vilivyopita mikononi mwako? Vikakaa? Nilikuwa nawaza: si nusu tu imebaki!

Jumamosi, 8
Bingwa mwenyewe kaja, kanenepa, anacheka. Kahutubia: fundi mmoja alimzungusha siku tisa, akakimbia peku, ndipo akaijua miguu yake. Akauliza kama fundi huyo yu hai. Fundi cherehani akaninyooshea vidole vya mikono yote miwili.

Nikapita mbele na kandambili moja. Kicheko! Hata maji yalicheka. Nikampa raba zake, bado nusu. Akazikumbatia, akatokwa machozi. Akaninong'oneza kwamba viatu vyake vya safari vimeachia soli. Anaondoka Jumatatu alfajiri. Baba, nikuamini tena?

Niliapa.

Jumapili, 9
Nimetoka ibadani, moyo mweupe. Viatu vya bingwa mbele yangu, harufu ya gundi, nuru dirishani. Nikaiona sanamu ya pili kando ya ile: mzee wa shaba, sindano juu. Nikamtazama muda mrefu. Nilipozinduka, bingwa alikuwa mlangoni anaulizia viatu vyake.

Nimemwambia aje kesho.

Kaondoka peku, anakimbia, anacheka peke yake. Mbio zile! Bila mimi angezipata wapi?