Kahawa Yangu Iko Ghorofani

S.L.P. 31,
Manga,
Wilaya ya Kisii.
17 Februari 1974

Ndugu Mhariri,

KUH: MASHINE YA KAHAWA ANAYOTAKA KUNUNUA MWANANGU

Nakusalimu wewe, wapiga chapa wako, na hasa yule anayepanga herufi, maana ndiye atakayeumwa vidole kwa urefu wa barua hii. Naomba nafasi gazetini. Hata ile pembe ya chini, karibu na matangazo ya ng'ombe waliopotea, itanitosha.

Mimi ni Ishmael Makori, mkulima wa kahawa. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa pia karani wa mizani katika kiwanda cha chama chetu cha ushirika. Nina miti mia tatu na arobaini. Nimeipanda kwa mikono yangu, nimeipogoa, nimeinyunyizia dawa mpaka kofia ikageuka buluu, nimechuma matunda mekundu huku mvua ikinipiga mgongoni. Kahawa hiyo hukobolewa, huanikwa, hutiwa magunia na kwenda zake. Inakokwenda sikujui. Ninalojua ni hili: tangu nizaliwe sijawahi kuinywa, hata tone moja. Nyumbani kwangu tunakunywa uji na maziwa.

Sasa, mwanangu Joash ni afisa wa ushirika mjini Kisii. Serikali ilimpeleka Italia miezi sita kusomea mambo ya vyama, akarudi na cheti, koti zito, na tabia ya kunywa kahawa iitwayo espreso. Kahawa hiyo haichemshwi hivi hivi. Husagwa, ikashindiliwa kwenye kichujio, kisha mashine ikasukuma maji ya moto kwa nguvu kupita ndani yake, na baada ya kelele zote hizo inatoka kahawa ya kujaza kifuniko cha chupa. Kwa sasa Joash anatumia mashine ya kuazima, mali ya Mwitaliano mmoja anayejenga barabara. Mwitaliano anaondoka mwisho wa mwezi na mashine yake. Kwa hiyo Joash ameamua kununua ya kwake, na Bwana Jitendra, muuza vipuri vya baiskeli ambaye Joash amepanga kwake orofa ya juu, atapeleka oda Nairobi tarehe ishirini na nane.

Katalogi ina mashine mbili. Ya kwanza ina mkono mrefu wa kuvuta, na chungu chake hupata moto hata kwenye jiko la makaa. Ya pili wanaiita nusu otomatiki: stima ndiyo inayosukuma maji, lakini mtu bado anasaga, anashindilia, anawasha na anazima mwenyewe. Joash ameipenda hii ya pili. Akiichukua, Ndugu Mhariri, nimekwisha. Stima haijafika Manga na sioni dalili zake. Mashine hiyo itakaa ghorofani kwa Joash maisha yake yote, nami ghorofani kwa Joash siruhusiwi kukanyaga.

Wasomaji wa Pwani na kwingineko watadhani tumegombana. La hasha! Kwetu sisi Wagusii, baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni adabu, tunaiita chinsoni, na hata wakorofi wanaiheshimu. Utauliza tena kwa nini simwambii Joash mwenyewe haya yote. Nimemwandikia barua tatu, amenijibu kwa kadi moja ya posta yenye picha ya twiga. Nyumbani alikuja mara ya mwisho Krismasi, akakaa muda wa bakuli moja la uji, gari la ofisi likinguruma nje na dereva akiangalia saa. Lakini gazeti lako analisoma mpaka matangazo ya sabuni. Ndiyo maana nakusumbua.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ngazi. Mwezi wa kwanza nilifunga safari hadi mjini ili nionje kahawa yangu. Jitendra, mtu mwungwana sana, aliniwekea benchi barazani na mkewe Nayna akaleta mto wa kukalia. Joash akasema nisijali, ataniletea kahawa hapo hapo chini, ila ninywe mara moja kwa sababu espreso ikikaa dakika mbili imekufa. Ngazi zina vidato kumi na tisa, nimevihesabu kwa macho. Kikombe cha kwanza kilipofika kidato cha sita, Joash alikutana na mwalimu wake wa zamani. Je, utampita mwalimu wako bila kumwuliza habari za watoto, za ng'ombe, za mvua na za goti lake? Kahawa ikafika baridi. Joash akachungulia kikombeni, akasema Baba, hii imekufa, akaimwaga mtaroni. Cha pili alikuja nacho mbio, na lo! chini ya ngazi alikuwa amesimama mama mkwe wake, amekuja kununua taa ya baiskeli. Je, mtu humkabili mkwe hivi hivi na kikombe mkononi? Kijana akageuka kwa heshima, akarudi juu na kahawa yangu. Mama yule alibishana na Jitendra juu ya taa ile kwa muda wa nusu saa, na mimi kwenye mto wangu nikiomba moyoni Jitendra apunguze bei. Alipoondoka, kikombe cha tatu kikaanza kutengenezwa, na hapo stima ikakatika mji mzima. Nikarudi Manga na kiu yangu. Joash alinisindikiza hadi stendi, akanishika mkono, akasema siku nyingine, Baba. Siku nyingine ndiyo ipi?

2. Hilo neno nusu. Mashine ikifanya kazi nusu, nusu nyingine inafanywa na nani? Nimefanya uchunguzi kupitia kwa mke wangu. Inafanywa na Bonareri, mke wa Joash. Yeye ndiye anayesaga, yeye ndiye anayeshindilia kwa kifua kizima, yeye ndiye anayefuta kaunta, halafu mumewe anabonyeza swichi na kusema nimetengeneza kahawa. Ile ya mkono inahitaji mtu wa kuning'inia kwenye mkono huo na kuuvuta mpaka mishipa ya shingo itoke. Joash ana shingo. Alinyonya vizuri.

3. Nyumba yangu mwenyewe. Msomaji mwerevu atasema mashine ya mkono iletwe kwangu basi, yaishe. Mke wangu Orpah ni shemasi katika kanisa la Wasabato. Kwake kahawa ni jambo la kulima, si la kunywa. Ametangaza kwamba siku mashine hiyo itakapoingia kwa mlango wa mbele, yeye atatoka kwa mlango huo huo akiwa na sufuria zote. Nilimkumbusha kwa upole kwamba mabati tunayolala chini yake yalinunuliwa na kahawa. Akanijibu kwamba mabati hayakuinywa. Ndugu Mhariri, miaka thelathini na mmoja ya ndoa, sijawahi kumshinda huyu mama kwa maneno.

Kwa hiyo angalia mahali nilipo. Nyumba ya mwanangu imefungwa kwa mila, nyumba yangu imefungwa kwa Sabato, na kahawa ni yangu.

4. Mzee Nyamongo. Huyu ndiye tunayemwendea mila zikitutatiza. Nilimpelekea hoja ambayo niliona haina tundu: nyumba anayoishi Joash si ya Joash, ni ya Jitendra. Joash amepanga tu. Jitendra si mwanangu, kwa hiyo naweza kupanda ngazi zile nikiimba. Mzee Nyamongo alikaa na hoja hiyo siku mbili, akala kuku wangu mmoja, kisha akaamua kwamba nyumba ya mtu ni pale kilipo kitanda chake cha ndoa, hata kama kuta ni za Malkia wa Uingereza. Vizuri. Mimi ni mtu wa kutii uamuzi. Naomba basi Joash na mkewe wahamishe kitanda wakakiweke stoo kwa Jitendra, kati ya matairi na minyororo ya baiskeli, ili huko juu pabaki jiko tu la kawaida lenye mashine. Nimemwuliza Jitendra. Amekubali, kwa sharti kwamba wateja wakiulizia bei ya kitanda asilaumiwe.

5. Lalamiko hili mke wangu amelikata kwa wino mpaka karatasi ikatoboka. Lilikuwa pendekezo kwamba Joash na Bonareri waachane kila Jumapili kuanzia saa nane mchana, na waoane upya saa tisa. Saa moja tu. Nakubali kwamba limekatwa.

6. Watu wa Italia. Hili limeniuma kuliko yote. Joash anasema huko Milano kuna wazee wa rika langu wanaosimama kwenye kaunta asubuhi, mtu na mwanawe, bega kwa bega, wanakunywa kahawa iliyotoka milima ya kwetu na kuzungumza habari za mpira. Mtu na mwanawe! Kila siku! Sina kinyongo na wazee hao, Mungu awape afya. Lakini nani alipima kahawa hiyo kama si mimi? Nakitaka chama changu cha ushirika kiwaandikie wanunuzi wote wa ng'ambo na kuwaomba warudishe magunia yangu, tangu msimu wa 1958 hadi leo, mpaka nami nitakapokunywa kikombe kimoja na Joash nikiwa nimesimama au nimeketi, vyovyote. Waliokwisha kuinywa waandike barua ya kuomba radhi. Ya Kiswahili nitajisomea, ya Kiingereza nitasomewa.

7. Ikishindikana hayo, Serikali ijenge katika kila lokesheni nyumba moja ya kahawa isiyo ya baba wala ya mwana. Iwe na paa na benchi. Isiwe na kitanda. Shemasi asipewe ufunguo.

Nimefika mwisho, na ombi langu ni jepesi kuliko malalamiko yenyewe. Chapisha kwa herufi nene, Joash aone: achague mashine ya mkono. Asihangaike na mambo ya presha na joto la maji anayoyapigia mistari katika katalogi. Apime mambo mawili tu. Je, inapata moto bila stima? Je, inafungika kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli hadi Manga? Inayoshinda katika hayo mawili ndiyo bora duniani, na ahadi yangu ni kwamba nitaipokea langoni, nje kabisa ya nyumba ya mtu yeyote, hata kama mvua inanyesha.

Wasalimie wote ofisini kwako. Msalimie mkeo na watoto, na kama baba yako yu hai, nenda ukamsalimie wewe mwenyewe kwa miguu yako. Wa hapa kwangu hawajambo, Orpah anakusalimu ingawa hakubaliani na hata mstari mmoja wa barua hii.

Nimeandika kwa mkono wangu, nikiwa na akili timamu na kiu,

Ishmael Makori
Karani wa mizani (mstaafu)

Nyongeza: Ndugu Mhariri, nilikuwa nalamba bahasha leo Jumapili nilipomwona Joash anakuja kwa miguu, bila gari la ofisi, bila dereva, na kopo la maziwa ya unga kwapani. Ndani ya kopo mlikuwa na kahawa ya kusaga. Akakusanya mawe matatu uani, akamwomba mama yake sufuria, akachemsha. Hakuna mashine, hakuna mkono, hakuna stima, wala hapakuwa na haja ya kuhamisha kitanda cha mtu. Tuliketi hapo kuanzia adhuhuri mpaka ng'ombe walipokamuliwa. Alinieleza habari za Italia, nikamweleza habari za mizani, akacheka mpaka akakohoa, na mimi sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilimsikia akicheka.

Orpah alionja ili ahakikishe kwamba ni dhambi. Akasema kitu kichungu kiasi kile hakiwezi kuwa anasa, akaomba kikombe cha pili.

Mimi, kwa siri, nakwambia ni chungu kama kwinini. Nilimeza kwa kushika benchi. Joash akaniuliza, vipi Baba? Nikasema tamu sana, mwanangu. Uso wake ukang'aa, akasema mashine hataki tena, sufuria inatosha, na kwa kuwa nimeipenda hivyo atakuja kila Jumapili kunichemshia.

Basi barua yote ichapishe kama ilivyo, aone kiu niliyokuwa nayo. Ila kipande hiki cha chini kikate, nakusihi, kichome moto kabisa. Joash akijua kwamba kahawa imenishinda, Jumapili atakuja kwa sababu gani?